Muulize Bi Sindano: Sungura aliyefumuka mgongo, bei ya viatu na sauti ya bibi

Mwezi uliopita niligusia kidogo maduka ya kujitengenezea midoli, yale ambayo mtoto anachagua dubu au sungura akiwa bado ngozi tupu isiyo na kitu ndani, anamjaza pamba mwenyewe, anampa jina na kumvisha. Nilisema pia kwamba nilisimama kwenye kaunta ya duka la namna hiyo hapa Uingereza kabla sijaanza ushonaji wangu wa nyumbani Leicester. Barua zimemiminika. Nimechukua hizi, na majina ya maduka yaliyotajwa nimeyaondoa, kwa sababu ninachotaka tuzungumze ni huduma.

Bi Sindano, shikamoo. Nilimpeleka binti yangu wa miaka sita kutengeneza dubu kwa siku yake ya kuzaliwa. Mlangoni bango lilisema pauni 16. Kwenye malipo nikaambiwa pauni 51. Kila hatua mhudumu alimuuliza mtoto, hakuniuliza mimi: "Unataka aongee? Unataka anukie stroberi? Na viatu je, atatembea peku?" Ningekataaje mbele ya mtoto anayenitazama? Nililipa, lakini roho iliniuma. Ndiyo huduma hiyo? — Mama wa Watatu, Northampton

Marahaba mwanangu. Hapana, hiyo si huduma, na nakuambia kama mtu aliyefundishwa kuuliza hilo swali la viatu.

Ujue kwanza biashara yenyewe ilivyo. Dubu mtupu ndiye anayekuvuta mlangoni. Faida iko mbele yake: kidude cha sauti, kidude cha mapigo ya moyo, harufu, gauni, viatu, miwani, hata kitanda. Duka likikuonyesha vitu vyake halijafanya kosa, ni biashara. Kosa ni kumruka mzazi. Mtoto wa miaka sita hajui pauni 51 ni nini. Anajua tu kwamba mtu mzima mwenye sare, mwenye tabasamu, amemwambia dubu wake atatembea peku. Mhudumu anayeuza kwa kupitia machozi ya mtoto amekutia kwenye mtego, na huna sababu ya kujilaumu kwa kunasa.

Niliowahi kufanya nao kazi waliokuwa wazuri hasa walikuwa na tabia moja. Walichuchumaa wakamsalimu mtoto kwanza, wakamuuliza jina lake, kisha kabla ya kutaja kitu chochote cha kulipia waliinua macho wakamtazama mzazi. Mzazi akitikisa kichwa kidogo, basi, kitu hicho hakitajwi. Mtoto anapelekwa moja kwa moja kwenye mashine ya pamba na hajui kama kuna kitu kimempita.

Kwa hiyo safari nyingine usingoje kutazamwa. Ukiingia tu, kabla mtoto hajafika kwenye masanduku ya ngozi, mwambie mhudumu: "Leo tuna pauni 25 kwa kila kitu, tusaidie." Sema kwa sauti ya kawaida, mtoto akisikia. Usione haya. Mhudumu mwenye akili atashukuru, maana sasa anajua mipaka yake na hatapoteza muda kukuonyesha vya pauni 40. Nyumbani, kabla ya kutoka, mwambie binti atachagua kitu kimoja cha ziada, kimoja tu, na uamuzi ni wake. Utashangaa jinsi mtoto anavyofikiri kwa makini akipewa mamlaka kamili juu ya kitu kimoja.

Uliza pia ni nini kimo ndani ya bei ya bango. Mara nyingi pamba, moyo mdogo wa kitambaa, kufungwa mgongo na cheti cha kuzaliwa chenye jina la dubu vyote vimo. Kwa mtoto wa umri huo cheti kinashinda viatu. Nguo hata usinunue huko: nguo ya mtoto mchanga humkaa vizuri dubu wa sentimita 40, na kipande cha khanga kilichopindwa vizuri kinampendeza kuliko gauni la dukani.

Kuhusu siku za punguzo, nenda ukijua unachokiendea. Build-A-Bear Workshop, kampuni kubwa ya maduka ya namna hii, walitangaza kwamba tarehe 12 Julai 2018 mteja atalipa kiasi cha umri wa mtoto wake, mwaka mmoja dola moja, na hapa Uingereza pauni moja. Watu walijaa Marekani, Kanada na Uingereza kiasi kwamba foleni zilifungwa asubuhi ile ile kwa sababu za usalama, watoto wakalia, na kampuni ikabidi igawe vocha na kuomba radhi. Lakini ukienda Jumanne asubuhi isiyo na punguzo lolote, shule zikiwa wazi, na mtoto wako ambaye bado hajaanza shule, utahudumiwa kama malkia.

Bi Sindano, mume wangu alimnunulia mtoto sungura wa kujaza mwenyewe. Haijapita wiki tatu, mgongo umefumuka na pamba inatoka. Nilimrudisha dukani. Msichana wa kaunta akasema, "Hii ni bidhaa iliyotengenezwa kwa matakwa ya mteja, hairudishwi," tena sina risiti. Mtoto analala na sungura wake amefungwa kitambaa tumboni. Nifanye nini? — Mama Asiye na Risiti, Milton Keynes

Dada yangu, rudi dukani. Umeambiwa jambo lisilo sahihi.

Nianze na mgongo wenyewe, kwa sababu utakusaidia kujieleza. Sungura anapotoka kiwandani mgongo wake una uwazi wa kama upana wa kiganja. Uzi mnene umeshapitishwa pande mbili za uwazi huo, kama kamba za kiatu ambazo hazijakazwa. Pamba ikishajaa na moyo ukishawekwa, kazi ya mhudumu ni kuvuta ncha mbili mpaka kingo zikutane, kufunga fundo, kufunga la pili juu yake, kukata, na kusukuma mikia ya uzi ndani kwa ncha ya kidole. Uzi ule unateleza. Foleni ikiwa ndefu mhudumu hufunga fundo moja, hukata karibu mno, na baada ya siku kadhaa za kubebwa kwa sikio fundo linalegea. Kwa hiyo mfungue sungura kile kitambaa utazame. Kama pamba inatoka pale pale kwenye uwazi wa mgongoni na kitambaa chenyewe hakijachanika, fundo ndilo lililolegea, na lilifungwa dukani. Mtoto wako hana hatia yoyote.

Sasa sheria. Hapa Uingereza iko sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015. Inasema kitu unachonunua kiwe na ubora wa kuridhisha na kifae kwa kazi yake, na kazi ya mdoli ni kukumbatiwa. Ndani ya siku 30 kitu kikionekana kina kasoro unaweza kukikataa na kurudishiwa fedha yote. Zikipita siku 30, duka lina nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na ikishindikana ndipo unadai fedha au punguzo. Ukidai kutengenezewa au kubadilishiwa, katika miezi 6 ya mwanzo kasoro huchukuliwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kununua, na duka likipinga ndilo lenye kuthibitisha. Yale maneno ya "kwa matakwa ya mteja" yana mahali pake: yanahusu mtu aliyeagiza kwa mtandao kitu cha kutengenezewa yeye, kisha akabadili mawazo tu ndani ya zile siku 14 za kughairi. Kitu chenye kasoro hakiingii humo hata kidogo.

Na risiti si lazima iwe ile karatasi. Taarifa ya benki inayoonyesha malipo ya mume wako inatosha kuwa ushahidi wa ununuzi. Kwa kuwa yeye ndiye aliyenunua, ni vizuri aende yeye au mwende wote wawili.

Usimshone kwanza nyumbani. Najua mkono unawasha, nami ningewashwa. Mpige picha mgongo wazi, ondoa kitambaa, umpeleke kama alivyo. Omba kuonana na meneja, useme hivi: "Sungura huyu ana wiki tatu, fundo la mgongoni limefumuka, naomba mmfunge upya leo." Nasema mmfunge kwa sababu nimesoma barua yako mara ya pili nikaona hukuomba fedha. Mtoto hataki sungura mwingine, anamtaka yule. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na duka lolote lenye mashine ya pamba linaweza kuifanya hapo kwenye kaunta na kumwongezea pamba iliyopungua. Ukichagua kutengenezewa ndani ya zile siku 30, hesabu ya siku inasimama mpaka urudishiwe, kwa hiyo hupotezi haki yako. Wakikataa tena, waandikie barua pepe makao makuu na picha juu yake, kisha wapigie Citizens Advice, ambao wanashauri bure.

Jambo moja naliomba kwenu nyote mnaokwenda huko: kabla hamjaondoka kaunta, mgeuzeni mdoli, vuteni kingo za mgongo taratibu kwa vidole viwili. Ukiona weupe wa pamba, mwambie mhudumu akaze. Hakuna atakayekasirika.

Bi Sindano, habari ya siku? Mama yangu yuko Voi na hajawahi kumwona mjukuu wake ana kwa ana. Nimesikia unaweza kurekodi sauti ikawekwa ndani ya dubu. Yeye hunitumia jumbe za sauti kwa WhatsApp. Je, inawezekana sauti yake imwambie mtoto "lala salama"? — Baba Mlezi, Reading

Inawezekana kabisa kaka, na katika vitu vyote vya ziada hiki ndicho ninachoweza kukushauri ulipie bila kusita.

Vidude hivi vya sauti huchukua sekunde chache tu, vingi nilivyovishika ni kati ya 10 na 20. Kwa hiyo usiingie na ujumbe wa dakika tatu wenye habari za mvua na bei ya unga. Mwombe mama arekodi upya, asubuhi kabla ya pikipiki na majirani, simu karibu na mdomo, maneno machache: jina la mtoto kwanza, kisha lala salama, kisha jina analotaka kuitwa, iwe bibi au nyanya. Hifadhi faili hilo sehemu mbili kabla hujaenda dukani. Dubu anaweza kupotea, na betri itakwisha siku moja.

Dukani omba kona iliyo mbali na mashine ya pamba, maana ile ina kipulizio cha upepo na kelele yake huingia kwenye rekodi. Weka simu kwenye hali ya ndege usije ukapigiwa katikati. Sogeza spika ya simu karibu na kinasa sauti, sauti ya simu iwe ya wastani, kwa sababu ikiwa juu sana inakwaruza. Cheza, sikiliza, rudia mpaka uridhike. Nimewahi kumwona mhudumu akimharakisha mtu hapo. Ukiharakishwa, sema kwa upole kwamba sauti hii inatoka mbali na utachukua muda wako.

Mwambie mhudumu akiweke kidude kwenye kiganja cha dubu. Tumboni kinazama ndani ya pamba na vidole vya mtoto mdogo havifiki. Kisha uliza betri ni ya aina gani na imefungwaje. Vingine vinatumia zile betri bapa ndogo kama kitufe, na mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Kwa vitu vya kuchezea sheria inataka betri hizo zifungwe mahali ambapo mtoto hafiki. Omba uone skrubu kwa macho yako kabla kidude hakijaingia ndani. Mgongo ukifumuka nyumbani, toa kidude kwanza ndipo umpe mtoto dubu. Na dubu huyo asiingie kwenye mashine ya kufulia. Mfute kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, umweke penye hewa.

Shikamoo Bi Sindano. Nimepata kazi kwenye duka la midoli ya kujaza. Naipenda, ila kuna ile sherehe ya moyo: nimwambie mtoto asugue moyo wa kitambaa mikononi upate joto, aruke, afumbe macho, aombe anachotaka, kisha autie ndani. Naona aibu kuongea kwa sauti na lafudhi yangu. Na Jumamosi mama mmoja mwenye hijabu aliniambia hataki mwanawe aombe kitu kwa moyo wa kitambaa. Nilikwama. — Kijana wa Kaunta, Manchester

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi.

Maxine Clark alipofungua duka la kwanza la Build-A-Bear Workshop kule St. Louis, Marekani, mwaka 1997, midoli ya kitambaa ilikuwa imejaa kila duka la vitu vya kuchezea, tena ya bei ndogo. Alichouza yeye ni ile nusu saa ya mtoto kutengeneza. Ndiyo maana meneja wako anaing'ang'ania sherehe ya moyo. Wewe ndiye bidhaa, mwanangu, zaidi ya dubu. Mtoto hatakumbuka lafudhi yako. Atakumbuka kama ulilitamka jina lake na kama ulimngoja. Mwambie kwa sauti ya kawaida tu, ukiwa umechuchumaa, macho yenu yakiwa sawa. Kelele za kuruka waachie wenye kuzipenda. Kuna watoto wengi wanaoogopa mtu anayepiga makelele, nao wanakungoja wewe.

Muulize mtoto swali hili kabla hajakanyaga pedali ya mashine ya pamba: "Unamtaka laini wa kulalia, au mgumu wa kukaa wima?" Jaza nusu, mtoe kwenye mrija, mpe amkumbatie, muulize kama bado. Sukuma pamba kwa kidole mpaka puani na kwenye vidole vya miguu, maana hapo ndipo wahudumu wavivu huacha patupu na dubu anaanguka kifudifudi akifika nyumbani. Hilo la kukumbatia mara mbili wengi hulikata foleni ikirefuka. Usilikate.

Huyo mama alikuambia wazi anachotaka, na mteja anayesema wazi amekurahisishia kazi. Usibishane, usimweleze kwamba ni mchezo tu, usimtazame mwenzako kwa kuomba msaada. Sema, "Sawa mama, tuuweke tu bila maneno?" Au muulize kama angependa yeye mwenyewe amsomee mwanawe dua kisha mtoto autie. Wapo watakaosema hawataki moyo kabisa, na dubu anafungwa vilevile. Masuala ya dini yenyewe nawaachia masheikh na wachungaji. Kaunta haina fatwa, ina heshima.

Utakutana pia na watoto wenye usonji. Kelele ya mashine huwaumiza kwelikweli, si utundu. Mzazi akikudokeza, mpe mtoto konzi ya pamba aishike, ajaze kwa mkono mbali na mashine. Inachukua muda mrefu zaidi, lakini meneja mwenye busara atakupa muda huo. Na wazazi wanaosoma hapa, pigeni simu kabla ya kwenda, mwulize saa gani pametulia. Maduka mengi na vituo vya maduka hapa vina saa za utulivu, muziki ukiwa umezimwa na taa zimepunguzwa.

Bi Sindano, mimi ni fundi cherehani Tanga. Nataka kuweka meza kwenye sherehe za watoto, nishone ngozi za midoli, watoto wajaze wenyewe. Sufi ninayo tele. Nianzie wapi? — Fundi, Tanga

Umenigusa, nyumbani huko. Sufi ni nzuri kwa mito, lakini kwa kazi hii nakusihi uiache. Inaruka hewani, inaingia puani mwa watoto, inashika moto upesi mno, na kwenye sherehe ya kuzaliwa mishumaa ipo. Ikishafuliwa hujikunja mabonge. Tafuta pamba ya poliesta wanayojazia mito ya makochi, uichambue vizuri kwa mikono siku moja kabla.

Macho yatarizi kwa uzi. Usitumie vifungo kabisa kwa walio chini ya miaka mitatu, kwa sababu wanang'oa kwa meno na kukabwa. Uwazi wa mgongoni uuache mpana kidogo kuliko unavyofikiri, mkono wa mtoto wa miaka minne upite wote mpaka kichwani. Uzi wa kufungia uupitishe kabisa nyumbani, mafundo uyafunge wewe mwenyewe, mawili, mtoto akishika kingo. Bei patana na mwenye sherehe siku kadhaa kabla, kwa kila mtoto, kila kitu ndani yake, mbele ya watoto pasitajwe shilingi. Shona ngozi za akiba, kwa kuwa watoto wa jirani watakuja. Na sindano zihesabu kabla meza haijafunguliwa, uzihesabu tena kabla mtoto yeyote hajaondoka.